Ruzuku ya kufundisha kwa vitendo: ukumbi wa hoteli unalipwa, muanika dagaa wa Kibirizi halipwi

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie. Chuo sikitaji, wahusika watajijua.

Menejimenti inatangaza ruzuku kwa wahadhiri: watoeni wanafunzi darasani, wakafanye kazi na jamii. Nikaandika andiko. Wanafunzi wangu wa sayansi ya chakula waende Kibirizi, hapa Kigoma, wakae na akina mama wanaoanika dagaa, watengeneze nao chanja, yaani meza za kuanikia zilizoinuliwa juu ya ardhi, kisha walinganishe dagaa wa chanjani na wa mchangani: muda wa kukauka, mchanga unaobaki, wanaooza mvua ikinyesha, bei ya mnunuzi. Andiko likapita. Tukapigiwa makofi na kupigwa picha.

Haya, hela sasa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa ufukweni. Na hasara ya mchangani unaiona wakati wa mvua, si kiangazi. Yote niliyaweka kwenye ratiba. Fedha zikatoka Mei 2024, na tarehe 15 mwezi huohuo ziwa likafungwa hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Si siri, lilitangazwa mapema. Mhasibu ananiambia nitumie kabla ya 30 Juni, la sivyo zinarudi. Tuanike nini, kokoto?

Lakini hata dagaa wangekuwepo tungekwama. Kuna mama pale anamchukua dagaa mmoja, anamvunja katikati, anasikiliza, anakwambia "bado" au "toa". Hana kipimo, na hakosei. Huyo ndiye mwalimu niliyemtaka, nikamwekea posho kwenye bajeti. Ikakatwa: si mtumishi, hana cheti, hana risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Jamani, muanika dagaa atoe wapi EFD? Sheria yenyewe ya kodi haimlazimishi mfanyabiashara mdogo kabisa kuwa na mashine hiyo, ila uhasibu wetu unamlazimisha. Fundi wa chanja naye eti awe amesajiliwa NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Mtu na nyundo yake na msumeno!

Sasa sikilizeni kilicholipwa bila swali: kikao kazi cha "kujengeana uwezo kuhusu kujifunza kwa vitendo". Hotelini. Ukumbi, projekta, chai ya saa nne na sambusa, posho za wajumbe. Risiti zote safi, masurufu yakarejeshwa kwa wakati. Wanafunzi wakaandika ripoti za kuokoteza mtandaoni, hawajagusa dagaa hata mmoja, na kwenye taarifa ya mwaka mradi umeandikwa "umetekelezwa".

Najua kuna atakayekuja na "hizo ni fedha za umma, lazima zilindwe". Zilindeni! Mlipeni yule mama kwa simu, muamala unabaki na kumbukumbu. Asaini fomu au aweke dole gumba, mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia mwalo, ashuhudie. Mkaguzi akitaka kuhakiki ashuke ufukweni, atamkuta palepale. Wale wajumbe wa hotelini atawakuta wapi?

Mwito wa maandiko mapya umeshatoka na mkuu wa idara ananisukuma niombe tena. Mhadhiri yeyote humu aliyewahi kumlipa mvuvi, mfinyanzi au mrina asali kwa ruzuku ya chuo na hoja ya ukaguzi isimfuate, aje aeleze dokezo lake aliliandikaje na lilipita kwa nani.