while read inaruka majina, na swali silioni kabisa

steshenari_uyole:
Wakuu habari za jioni. Niko Mbeya, tunapiga pasipoti hapa afu picha tunazipanga kwenye foda za mitaa. Diski imejaa, nikaandika orodha ya foda sita (Uyole, Ilomba, Sae, Iyunga, Soweto, Kabwe) nikataka skripti ya bash inipitishie moja moja iniulize nifute au niache:

```
while read foda; do
  echo "Foda: $foda"
  read -p "Nifute? (n/h) " jibu
  [ "$jibu" = n ] && rm -r "$foda"
done < orodha.txt
```

Naipiga, inanitajia Uyole, Sae, Soweto, basi imeisha. Swali silioni, hainisubiri, hakuna kilichofutwa. Bash imerogwa au?

baridi_makambako:
Haijarogwa mkuu. Hiyo `< orodha.txt` umeifunga kwenye lupu nzima, kwa hiyo kila kitu kilichomo ndani kinasoma kwenye faili na siyo kwenye kibodi. read ya juu kachukua Uyole, read ya chini ikaja ikabeba Ilomba ikajua ndo jibu lako. Na swali hulioni kwa sababu bash inaonyesha maneno ya -p pale tu inaposoma kutoka tereminali. Iambie ya chini isome kwako:

```
read -p "Nifute? (n/h) " jibu < /dev/tty
```

Afu shukuru uliandika "= n". Ungeandika futa kama jibu siyo h, saivi Uyole, Sae na Soweto zote zingekuwa zimeenda, maana "Ilomba" siyo h.

dada_wa_iringa:
Kamwene. Mimi huwa naigeuza, orodha ndo naipa njia yake, namba 3, kibodi inabaki kama ilivyo:

```
while IFS= read -r foda <&3; do
  ...
done 3< orodha.txt
```

Faida yake ni kwamba hata komandi nyingine ndani ya lupu haziwezi kuimeza orodha. Ilishanikuta na ssh (komandi ya kuingia seva za mbali), nina seva kadhaa kwenye orodha inaingia ya kwanza tu afu lupu inakufa, nimehangaika mchana mzima kumbe ssh imekunywa majina yaliyobaki (ukiweka `ssh -n` inatulia).

kijana_wa_sae:
Si utumie for tu, `for foda in $(cat orodha.txt)`, mbona unajitesa

dada_wa_iringa:
Mdogo wangu, akiwa na foda inaitwa "Uyole Januari" hiyo for itaikata vipande viwili, Uyole na Januari, na rm itaenda kufuta Uyole ambayo hakuitaja. Kama ni foda zote za hapo alipo, aandike `for foda in */` na asisahau alama za nukuu kwenye "$foda".

steshenari_uyole:
Nimeweka ya namba 3, inauliza vizuri sasa! Ila Kabwe haiulizi, inaishia Soweto. Orodha niliandikia VS Code

baridi_makambako:
Hukupiga enta baada ya Kabwe. read ikifika mwisho wa faili bila kukuta mstari mpya inalibeba jina lakini inasema imefeli, while ikisikia hivyo inafunga duka. Piga enta, au andika `while IFS= read -r foda <&3 || [ -n "$foda" ]; do`

steshenari_uyole:
Imekubali. Kabwe peke yake ilikuwa na GB 11, ndaga fijo wakuu