Ndugu wa mgonjwa aingie ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), au abaki mkekani nje?

Mleta mada, Busia

Wadau, mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kupumulia, ndugu yake akae naye kitandani au aendelee kulala barazani kama tulivyozoea Uganda hii?

Mimi niligongwa na boda, mbavu zikatoboa pafu. Siku kumi na moja ICU: mpira kooni, mikono imefungwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda nisije nikaung'oa. Nikawa naweweseka. Kitanda kiligeuka mtumbwi, tuko katikati ya ziwa, na sista wa usiku anakinga damu yangu akaiuze ng'ambo. Kupiga kelele siwezi, sauti sina. Mke wangu yuko nje ya mlango, hatua kama ishirini.

Sasa mbavu zimeunga. Lakini mnaijua foleni ya malori mpakani hapa. Lori likirudi nyuma, tii, tii, tii, kama mashine za ICU, jasho linanitoka, mkono unakwenda kooni kutafuta mpira. Shemeji zangu wanasema ni majini. Kombe nimeshanyweshwa mara mbili. Daktari wa akili akaniambia hapana, hiki ni kiwewe, na kinampata karibu mmoja kati ya watano wanaotoka ICU hai. Tena kinachotesa zaidi mara nyingi ni yale ambayo hayakutokea. Mtumbwi wangu, basi.

Skandinavia manesi na ndugu humwandikia mgonjwa daftari: leo umefumbua macho, leo mwanao amekuja. Akipona analisoma, anajua kipi kilikuwa kweli. Utafiti wa Ulaya wa 2010 ulikuta kiwewe kwa asilimia 5 ya waliopewa daftari, na asilimia 13 ya wasiopewa. Daftari la shule si bei ya mbuzi.

Sista, Mbale

Pole kaka. Ila mimi nami ni sista wa usiku kama yule wako. Tuko wawili, wagonjwa wanne, na anayeng'oa mpira saa tisa usiku anaweza kufa kabla sijafika. Ndugu nao ukiwafungulia wanakuja na matoke, chaja na mchungaji. Na viini vya maradhi je? Daftari lenyewe Wafaransa walilijaribu kwenye ICU 35, matokeo yakatoka 2019: hakuna tofauti ya maana. Bora tupunguze dawa nzito za usingizi, maana zingine ndizo zinazowewesesha, na tumwambie mgonjwa kila mara: uko hospitali, leo Jumanne, sasa ni usiku.

Mchangiaji, Arua

Samahani, mnabishania daftari? Hesabu iliyochapishwa 2020 ilikuta nchi nzima ina vitanda 55 vya ICU vinavyofanya kazi. Huku kwetu mtu anafia kwenye ambulensi. Atoke hai kwanza, hizo ndoto tutaziombea.

Mleta mada

Mzee wa Arua, ndoto zimeombewa. Miezi minane sijaenda kazini, na karo ya watoto inatoka kwa mama yao anayeuza samaki. Huko nako ni kutoka hai nusu.

Sista, hayo ya "leo Jumanne, sasa ni usiku" hakuna aliyeniambia. Labda waliniambia kwa Kiingereza, sijui. Mke wangu angeniambia kwa Kisamia, na yeye ningemwamini.

Sista, Mbale

Mmoja tu, amenawa, mchana, na matoke yabaki nje. Hapo nakubali. Usiku bado hapana.