Mistari ya mwanga ndani ya maji inageuka wavu

Turubai_Kigamboni: Wakuu, nachora kwa akriliki, sm 60 kwa 90: mtoto kasimama baharini Coco Beach, saa tano asubuhi, maji kifuani. Mistari ya mwanga niliyompaka inaonekana kama kanaswa na wavu, na miguu kama si yake. Nakosea wapi?

BrashiNambaMbili: Mistari hiyo ni jua lililokusanywa na migongo ya mawimbi; kila kiwimbi ni lenzi. Chini ya maji inatoka juu, kwa hiyo inatua sehemu zilizozama zinazotazama juu: mgongoni, juu ya mapaja. Ukiipaka hata sehemu zinazotazama chini, wavu huo! Juu ya maji ni kinyume: mwanga unadunda kutoka majini na kupiga chini ya kidevu na kwapani, laini zaidi, bila kingo kali. Tena mistari isilingane unene. Inapokutana ni nene na kali, kwingine inafifia, na ikizunguka kuelekea kivulini inakufa.

Mkaa_na_Chaki: Miguu: mita 1 ya maji ukiitazama wima inaonekana kama sm 75, na ukitazama kwa ulalo inapungua zaidi. Kwa hiyo ifupishe, na umbo la mwili livunjike kidogo pale maji yanapoanza. Ila mtazamaji yuko wapi? Akiwa mchangani, mbali, mng'ao wa anga unafunika miguu yote. Na maji ya pale yakishavurugika mchanga hata goti huoni. Hiyo miguu yako ni ya kisiwani Mbudya, kwenye maji maangavu, mkuu.

BrashiNambaMbili: Kweli kabisa. Mpandishe mtazamaji kwenye boti, au futa miguu.

Turubai_Kigamboni: Mtazamaji yuko kwenye boti. Nipake kwa mpangilio gani?

RangiMbichi: Maliza ngozi kwanza, iliyo majini iwe nyeusi kuliko unavyodhani, la sivyo mistari haina pa kung'aa. Ikauke. Pitisha bluu-kijani inayopenyesha mwanga, rangi 1 kwa midiamu 8 (kimiminika cha akriliki kisicho na rangi), tabaka mbili au tatu, kila moja ikauke. Usizimue kwa maji matupu, rangi inaweza isishike vizuri. Usitie nyeupe humo, utapata tui la nazi. Mistari mwisho: rangi ya ngozi ileile iliyopandishwa kwa manjano kidogo. Joto la Dar linakausha upesi, kwa hiyo paka sm 10 hivi, lainisha ukingo mmoja kwa brashi yenye unyevu, ndipo uendelee. Nyeupe tupu iweke kwenye bega lililolowa tu, kidoa chembamba chenye kingo kali, na pembeni yake bluu ya anga.