Mada: Bi harusi Mkristo afundwe na nani, kungwi wa ukumbini au wazee wa kike wa kanisa?

MLETA MADA
Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Naleta hoja moja, tuijadili kwa upendo.

Siku hizi binti wa kanisani akishachumbiwa hufundwa mara mbili. Kwanza ofisini kwa padri au mchungaji, akiwa na mchumba wake: maana ya ndoa, viapo, matangazo ya Jumapili tatu. Kisha kwenye kicheni pati, ukumbini, na anayesimama hapo mara nyingi ni kungwi wa kukodi. Hoja yangu ni kwamba funzo hili la pili lirudi kanisani, mikononi mwa wazee wa kike, na kicheni pati ibaki kuwa sherehe ya kumpa binti vyombo.

Tazameni ratiba ya ukumbini. Kadi inasema saa kumi jioni, watu wanajaa saa moja usiku. Kamati inaingia na sare zake, kuna keki, utambulisho wa pande mbili, halafu foleni ya zawadi: masufuria, majiko ya gesi, seti za sahani. Kungwi anapewa kipaza sauti saa nne, dakika ishirini, mbele ya watu mia mbili na simu zinazorekodi. Binti amekaa mkekani, kanga kichwani, ameinamisha uso. Swali atauliza saa ngapi? Na mtu aliyelipwa ili ukumbi uchangamke atachagua kinachochangamsha, yaani ya chumbani. Fedha, wakwe, uzazi, ugonjwa, sala ya nyumbani: hayo hayaguswi.

MTU WA KUSINI
Kuhusu ukumbi nakubali. Kuhusu kungwi nakataa, kwa sababu unamchanganya na mshereheshaji.

Somo wa kweli, yaani kungwi wa binti mwenyewe, pwani na huku kwetu Lindi na Mtwara, hafundishi usiku mmoja. Anakabidhiwa binti anapovunja ungo. Anamwonyesha kuhesabu siku zake, kufua vitambaa na kuvianika juani, adabu kwa wakubwa, jinsi ya kukaa na siri. Binti akiolewa, somo anasimama tena. Anarudi wakati wa uzazi. Mume akimwinulia mkono, wa kwanza kuambiwa ni somo, naye ana haki ya kumwita mume akaja. Hiyo ni kazi ya miaka kumi na zaidi. Darasa la kanisa linaloisha siku ya harusi halifikii hapo.

Halafu kuna mbinu. Unyago, yaani mafunzo ya jadi ya wasichana, unafundisha kwa wimbo, ngoma na mafumbo, ili jambo lisilosemeka mchana likae kichwani hadi uzeeni. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini Waswahili walimheshimu pia kama kungwi. Huwezi kuliita hilo uhuni wa ukumbini.

Na kanisa lilishagusa jambo hili. Masasi, miaka ya 1920, Askofu Vincent Lucas wa Anglikana aliliingiza jando, yaani mafunzo ya jadi ya wavulana, ndani ya kanisa: tohara ikabaki, sala zikaongezwa, yasiyofaa yakaondolewa. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana funguo za unyago zilikuwa mikononi mwa makungwi, si za mapadri. Funzo ninaloliona hapo ni hili: ukitaka kubadili mafundisho ya wanawake, anza kwa kuwaita wanaoyashika.

MKUNGA
Wote wawili mnabishana nani afundishe. Mimi nauliza anafundisha nini, kwa sababu makosa yaleyale yako ukumbini, yako kwa makungwi, na yako kwa wamama wa kanisa.

La kwanza ni siku za hatari. Karibu kila mwalimu husema "siku ya 14". Hiyo ni kweli kwa mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi INAYOFUATA, si siku 14 baada ya iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 24 yai lake hutoka karibu siku ya 10, na kwa kuwa mbegu za mume zinaweza kuishi mpaka siku 5, tendo la siku ya 6 linaweza kuleta mimba. Anayetaka kutumia kalenda aandike mizunguko yake kwa angalau miezi 6, siku ya kwanza ya damu ikiwa ndiyo siku ya 1. Achukue mzunguko mfupi kuliko yote atoe 18, achukue mrefu kuliko yote atoe 11. Kama ni 26 na 31, basi siku za hatari ni kuanzia ya 8 hadi ya 20. Wakatoliki huongeza kuangalia ute wa ukeni: ukiwa mwepesi, unavutika kama ute wa yai bichi, hizo ni siku za rutuba. Mwenye mizunguko inayoyumba sana, au anayenyonyesha, kalenda hii haimfai, na mwalimu amwambie hivyo wazi.

La pili linaniumiza zaidi. Mabinti bado wanaambiwa wajiweke shabu, ndimu, siki au majani makavu ukeni "ili mume asitoke nje". Shabu inakausha na kuchubua. Ngozi iliyochubuka ni mlango wa VVU na maambukizi mengine. Kujiosha kwa ndani kwa sabuni nako kunaua bakteria wazuri wanaolinda uke, kisha harufu aliyokuwa anaikimbia ndiyo inakuja. Nje anawe kwa maji, ndani paachwe. Na maumivu wakati wa tendo yasiitwe uvivu wa mke. Inaweza kuwa maambukizi, ukavu, hofu, au uvimbe, na yote yana tiba hospitalini.

La tatu halisemwi popote: vipimo kabla ya mahari haijaisha. VVU mnakumbuka. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, mnaisahau. Wote wawili wakiwa wabebaji, yaani AS na AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Kila mimba, si kwamba akizaliwa mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wako salama. Kundi la damu pia: mama akiwa Rhesus hasi na mtoto chanya, anahitaji sindano ya anti-D, inayolinda watoto wa mimba zijazo, ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na mimba ikiharibika aulize mapema kama anaihitaji. Binti akiijua mapema ataiulizia mwenyewe.

Kungwi asiyejua haya simlaumu. Namlaumu anayeombwa ajifunze akakataa.

MWINJILISTI
Turudi kwenye andiko, maana kila mtu analitaja bila kulisoma. Tito 2:3-5: wazee wa kike wawe "wafundishao mema, ili wawatie wanawake vijana akili". Hapo Paulo hamwagizi Tito awafundishe mabinti yeye mwenyewe. Mstari wa 6 ndio unaomwelekeza kwa vijana wa kiume. Kazi ya kuwafunda wanawake vijana amewapa wanawake. Kwa hiyo mchungaji anayefundisha bi harusi mambo yote peke yake ofisini amejitwalia kazi isiyo yake.

Neno la Kigiriki lililofasiriwa "wafundishao mema" halipatikani mahali pengine katika Agano Jipya. Na sifa za mwalimu zinatangulia: mwenendo wa utakatifu, asiwe msingiziaji, asiwe mtumwa wa mvinyo. Msingiziaji ni mtu wa maneno. Mwalimu anayetoka na siri ya binti ameshaanguka kwenye sharti hilo kabla hajafungua mdomo kufundisha.

Wanaoleta 1 Timotheo 2:12 kuzuia wamama wasifundishe, mstari huo unahusu mwanamke kumfundisha mwanamume. Hata hapo tukumbuke Matendo 18:26, Prisila pamoja na Akila walimchukua Apolo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Makanisa yanatofautiana: KKKT ilikubali wanawake kuwekewa mikono ya uchungaji mwaka 1990, Wakatoliki hawana hilo. Lakini juu ya mwanamke kumfundisha mwanamke, sijui kanisa linalokataa.

MSHIRIKI MWINGINE
Tito huyohuyo anasema "kuwatii waume zao". Wamama wengi wakifika hapo ndipo wanasema vumilia, hata akikupiga usitoke, ndoa ni msalaba. Hilo mnalirudisha kanisani?

MSAIDIZI WA KISHERIA
Swali zito, na nashukuru limeulizwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Mwalimu anayesema "kofi moja ni la mapenzi" anafundisha kosa la jinai kanisani.

Darasa limpe binti hatua, si maneno ya faraja peke yake. Akipigwa: kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, achukue fomu ya PF3, aende nayo hospitali siku hiyohiyo kabla alama hazijafifia, abaki na nakala. Kosa la kawaida ni kumpeleka kwanza kwenye kikao cha wazee, kikao kinasogezwa wiki mbili, ushahidi unapotea. Upatanisho una nafasi yake, lakini baada ya mtu kuwa salama.

Kifungu cha 59 nacho wafundishwe: nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kifungu cha 63 kinamtaka mume kumtunza mke, na mke naye kumtunza mume asiyejiweza iwapo ana uwezo. Na mama wa nyumbani asidhani hana chake. Mahakama ya Rufani mwaka 1983, shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Cheti cha ndoa, hati ya kiwanja, risiti za vifaa vya ujenzi, binti afundishwe kuviweka nakala mahali pawili.

MWINJILISTI
Naongeza moja. Kabla ya kumwambia mke atii, Waefeso 5:21 inaanza na "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo". Mwalimu asianzie mstari wa 22.

MLETA MADA
Nimesahihishwa kuhusu somo, nakiri. Sasa nibadili hoja: siyo kanisa dhidi ya kungwi, bali darasa dhidi ya ukumbi. Kwa vitendo litafanyikaje?

KIONGOZI WA JUMUIYA
WAWATA kwa Wakatoliki tangu 1972, Mothers' Union kwa Waanglikana tangu Mary Sumner aianzishe Uingereza mwaka 1876, umoja wa wanawake kwa Walutheri. Vyombo tunavyo. Kinachokosekana ni utaratibu.

Vikao sita, saa moja na nusu kila kimoja, vianze miezi mitatu kabla ya harusi. Vikianza wiki mbili kabla, akili ya binti iko kwenye gauni na michango, haisikii kitu. Mabinti wanne hadi sita pamoja, wasizidi wanane, maana wakizidi wanaouliza ni wawili walewale. Walimu wawili kila kikao: mmoja aliyekaa kwenye ndoa muda mrefu, mwingine wa miaka mitano au sita, ambaye bado anakumbuka mwanzo ulivyo. Mkunga aje kikao cha uzazi, msaidizi wa kisheria cha mali na usalama. Kikao cha fedha kiwe na kalamu na daftari: mapato ya wote wawili, kodi, chakula, sadaka, wazazi wa pande zote, kikoba, akiba. Wakiambiwa tu "mpangilie matumizi" bila kuandika tarakimu, hakuna kilichofundishwa. Maswali ya aibu yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina, yasomwe na mwalimu. Simu zibaki kikapuni.

Mama mkwe mtarajiwa asiwe mwalimu. Mke wa mchungaji pia, samahani kwa kusema wazi, kwa sababu binti atahofu siri kufika madhabahuni. Na siri ina mipaka: kipigo na hatari kwa maisha haifichwi, binti aambiwe hivyo siku ya kwanza.

Baada ya harusi mwalimu amtembelee mwezi wa kwanza, wa sita, na mtoto wa kwanza anapozaliwa. Hapo ndipo tunamrudisha somo.

MTU WA KUSINI
Hapo tumekutana. Ila malipo? Somo hupewa kanga, sabuni, pesa kidogo, na ni haki yake. Mkisema kila kitu bure kwa jina la huduma, walimu wazuri watachoka mwaka wa pili.

KIONGOZI WA JUMUIYA
Nauli na kanga, sawa. Ada iliyopangwa, hapana. Binti maskini atakimbia.

MTU WA KUSINI
Basi ilipwe na usharika kutoka mfuko wa wanawake. Lakini ilipwe.

MKUNGA
Kabla hamjamaliza la fedha. Kote hapa mnazungumzia binti mwenye pete, kadi na ukumbi. Wanaofika wodini kwetu wakiwa hawajui lolote wengi wao hawajawahi kufanyiwa kicheni pati: dada wa kazi za ndani, wanaoishi na wenzao bila ndoa, wenye mimba shuleni. Hao hawatakuja kwenye darasa la bi harusi kwa sababu jina lenyewe linawafungia mlango. Liiteni darasa la wanawake vijana, liwe Jumapili baada ya ibada ya kwanza, kwenye chumba cha shule ya Jumapili, na tajiri wa dada wa kazi amruhusu saa mbili.