Uinjilishaji mwaloni: watu wanaandika majina, kisha hawaonekani. Tupange vipi?

KatibuKigango
Tumsifu Yesu Kristo. Kigango chetu (tawi la parokia ya Kikatoliki) kipo kando ya mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki, upande wa Igombe, Mwanza. Wakazi wengi ni wavuvi wa dagaa, akina mama wanaoanika, na vijana waliotoka Sengerema, Ukerewe na Geita kutafuta maisha. Kila Oktoba, Mwezi wa Misheni, tunafanya wiki ya uinjilishaji: spika, kwaya, mahubiri uwanjani, watu wanaandika majina. Noeli ikifika, darasa la mafundisho limebaki na watu wawili watatu. Halmashauri ya walei (waumini wasio mapadre wala watawa) imeagizwa ipeleke mpango kwa Paroko kabla ya Majilio. Tuanzie wapi, nani afanye nini, na ni mambo gani huharibu kazi hii? Naomba hatua zinazotendeka.

MwalimuWaDini
Milele amina, Katibu.

Kabla ya lolote, ratiba yenu ifuate mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa haivuti kitu, na mitumbwi hupumzika. Hizo ndizo siku mvuvi yupo nyumbani, amelala usiku, anaweza kukaa akasikiliza. Siku za giza anafika nchi kavu alfajiri, anashusha mzigo, anahesabiana na tajiri wake mwenye mtumbwi, analala hadi alasiri, jioni anarudi majini. Mama mwanikaji naye asubuhi hiyo yupo kwenye chanja cha kuanikia, kwa sababu dagaa wasipopata jua la mapema wanaharibika, na mtaji unakwenda nao. Ukipanga mafundisho Jumamosi saa 3 asubuhi, umewafungia mlango wote wawili, halafu kwenye ripoti wanaandikwa "wavivu wa mafundisho". Inaumiza sana kusoma neno hilo.

Kwa hiyo wekeni vipindi viwili au vitatu kwa wiki wakati wa mbalamwezi, na kimoja kifupi cha saa 9 alasiri wakati wa giza. Wavuvi wa sangara hawafuati mwezi kwa namna hiyo, waulizeni wenyewe siku zao.

Kuna neema hapa ambayo vigango vingi vya ziwani havijaitumia. Pasaka hupangwa Dominika inayofuata mwezi mpevu, maana yake Juma Kuu siku zote lina mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa kwa kawaida wapo nchi kavu usiku wa Mkesha wa Pasaka. Lakini Dominika ya kwanza ya Kwaresma, siku ya uteuzi wa wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), mwezi huwa bado mchanga na watu wapo majini. Waambieni mapema, wakubaliane na matajiri wao. Takaso za Kwaresma, yaani ibada za kuwaombea wateule hao kabla ya ubatizo, ni hivyo hivyo: Dominika ya tatu huangukia siku chache baada ya mbalamwezi, ya tano mwezi ukiwa mchanga tena. Mtu akikosa ya tano, zungumzeni na Paroko kabla ya kumkata jina.

Sasa ziara. Nendeni wawili wawili, mmoja awe jirani wa jumuiya ndogondogo ileile ya Kikristo. Ziara ya kwanza isizidi dakika 20. Ulizeni alikotoka, kama amebatizwa na wapi, na kama kuna mgonjwa au jambo linalomsumbua. Salini kwa ajili ya jambo hilohilo alilolitaja, kwa kulitaja, kisha mwondoke. Msibebe bahasha ya zaka wala kadi ya michango. Rudini ndani ya siku 7 mkaulizie lile jambo. Mtu huanza kuwaamini siku ile mnayokumbuka kwamba mtoto wake alikuwa na homa.

Kila jozi ibebe kaya 4, zisizidi. Daftari liwe na jina, simu, alikobatizwa, hali ya ndoa, tarehe ya ziara ya mwisho na ya ijayo. Majina ya Oktoba hupotea kwa sababu yote 60 au 80 humwangukia katekista (mwalimu wa dini) mmoja, ambaye pia anaongoza ibada, anazika na anafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza.

MamaWaJumuiya
Nakubaliana na Mwalimu, ila sitaki mahubiri ya uwanjani yaachwe kabisa. Yanamfikia kijana wa kambini ambaye hana kaya ya kutembelewa. Tatizo ni yanapofanyika bila jumuiya kujiandaa kupokea. Wiki mbili kabla, kila jumuiya itoe watu wawili wa kusimama pale uwanjani. Anayeandika jina asiondoke bila kusalimiwa na mtu wa mtaa wake na kuambiwa nyumba na saa ya kusali. Na taarifa ifike mapema kwa mtendaji, polisi na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni), mkutano usije ukavunjwa katikati ya wimbo.

Halafu tazameni jumuiya yenyewe inavyosali. Mgeni akija mara ya kwanza anakuta nini? Mara nyingi anakuta Injili ya dakika 10 na matangazo ya michango ya dakika 40. Anarudi kwake akijua amefika kikaoni. Tumieni Hatua Saba za kushirikishana Injili kama zilivyo: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua neno na kulirudia, kimya, kushirikishana, kupanga kazi, kusali. Ya tano huharibika mwenyekiti anapoigeuza homilia (mahubiri). Ya sita huharibika kwa kurukwa, na ndiyo yenye uinjilishaji ndani yake: wiki hii nani anampelekea uji mama aliyejifungua pale karibu na mashine ya kusaga, nani anampeleka mzee hospitali ya Bugando kwenye kliniki yake. Litajwe jina na siku. Wiki ijayo mnaanza kwa kuuliza kama ilifanyika.

Akina mama waanikaji wasisubiriwe kanisani. Dagaa wakishatandazwa kuna muda wa kungoja jua kabla ya kugeuza. Nusu saa pale kwenye chanja inatosha kwa Rozari fupi au Injili ya Dominika ijayo. WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wanaweza kuibeba kazi hiyo bila kumsubiri padre.

Na lugha jamani! Bibi wa Kisukuma anayeanza kwa salamu ya "Mwadila" akajibiwa kwa Kiswahili cha kitabuni, anajua hapo si kwake. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliyaelewa haya pale Bujora, Kisesa: ngoma za Wasukuma zilipewa nafasi kanisani, na hadi leo mashindano ya ngoma ya Bulabo, kati ya vikundi viwili vya Bagika na Bagalu, yanakwenda na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Kwaya yenu iwe na nyimbo mbili tatu za Kisukuma, Kikerewe au Kijita kwa watu walio mbele yenu.

Kanuni_na_Liturujia
Naongeza sehemu ambayo ikikosewa huwafukuza watu miezi 6 baadaye: ubatizo na ndoa viulizwe mwanzoni, kwa faragha.

Aliyebatizwa na Waluteri au Waanglikana kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu amebatizwa. Si mkatekumeni. Anafundishwa, anaungama imani na kupokelewa katika ushirika kamili, naye anapewa Kipaimara na Ekaristi. Kumbatiza tena ni kosa, na kunamdhalilisha yeye na waliomlea. Kanuni ya 869 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu ubatizo wa sharti ("kama hujabatizwa") pale tu penye shaka nzito. Tofauti ni aliyebatizwa "kwa jina la Yesu" peke yake, bila kutajwa Utatu: huyo anabatizwa.

Ndoa ndiyo kikwazo kikubwa zaidi mwaloni. Wengi wanaishi pamoja bila ndoa, mahari haijaisha, wanaogopa gharama za sherehe. Waelezwe wazi kwamba Kanisa halidai sherehe. Wanahitaji cheti cha ubatizo kisichozidi miezi 6, mafundisho, matangazo, padre na mashahidi wawili. Ikiwezekana, panga Misa moja ya kufungisha ndoa 5 au 10 kwa pamoja, mlo upikwe na jumuiya. Mmoja akiwa Mkristo wa madhehebu mengine, inatakiwa ruhusa; akiwa hajabatizwa, inatakiwa dispensasio (kuondolewa kizuizi cha sheria ya Kanisa). Zote hupitia kwa Paroko kwenda jimboni, kwa hiyo anzeni mapema. Palipo na ndoa ya awali, jambo liende mahakama ya Kanisa. Msimpe mtu tarehe ya ubatizo huku mkijua suala hilo halijafunguliwa.

Kwa mwanaume ambaye hajabatizwa, mwenye wake kadhaa nao hawajabatizwa, ipo kanuni ya 1148: akiona vigumu kubaki na yule wa kwanza, baada ya ubatizo anaweza kubaki na mmojawapo, na Askofu ahakikishe wengine wanatunzwa ipasavyo. Katekista asiamue hilo mwenyewe. Wanawake na watoto wengi wameumia kwa haraka ya kutaka kuandika jina moja kwenye kitabu cha ubatizo.

KatibuKigango
Asanteni sana wapendwa. Mawili yamebaki: wavuvi wanahama, leo Igombe, mwezi ujao visiwa vya Kome au Maisome. Na michango nayo, tukinyamaza kabisa kigango kinaendeshwaje?

MwalimuWaDini
Kwa anayehama, mpe kadi yenye jina, alikobatizwa, hatua aliyofikia na mada alizomaliza, isainiwe na katekista na kugongwa muhuri wa parokia. Ipigwe picha ibaki kwenye simu yake, maana karatasi hulowa. Kisha mpigie katekista wa kule siku hiyohiyo, usimwachie mvuvi kazi ya kujitambulisha. Bila hivyo kila kisiwa kinamwanzisha upya, na akianzishwa mara ya tatu anaacha.

Michango ielezwe kwa waliokwisha kupokelewa, baada ya Pasaka, na mhazini asome mapato na matumizi kila robo mwaka. Mkatekumeni asidaiwe. Na jambo moja liandikwe kwenye mpango, lipigiwe kura: hakuna mgonjwa atakayekosa kuombewa wala marehemu atakayeachwa bila sala kwa sababu ya kadi ya michango. Mwalo mzima huwa unatazama siku hiyo.