Mrejesho: yule mwenzangu aliyenifanya nijitilie shaka

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu mwenzangu wa kazini ambaye kila tukikubaliana jambo, baadaye anakana na kuniambia, "Wewe unasahau sana." Wengi mlinishauri niandike kila kitu. Nimeandika kwa wiki tatu.

Daftari limenifumbua macho. Mara nne alikana maneno niliyoyaandika dakika chache tu baada ya yeye kuyatamka. Lakini kilichonishtua zaidi sikuwa nakitafuta: kila akishaniumbua mbele ya watu, kesho yake anakuwa mwema kupita kiasi, ananisifu, ananisaidia kazi. Nami nasamehe yote. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwamba tabia inayotuzwa mara mojamoja, bila kutabirika, ni ngumu kuikomesha kuliko inayotuzwa kila mara. Ndivyo nilivyonaswa: nilivumilia ubaya nikiungoja ule wema.

Sikumkabili kwa hasira. Sasa tukimaliza kuzungumza namtumia ujumbe: "Tumekubaliana hivi na hivi." Mwanzoni alinuna, akawaambia wenzetu kwamba simwamini. Iliniuma, maana nilimpenda kama ndugu. Nikamjibu kwamba nahitaji kumbukumbu, basi. Tangu hapo hajakana tena.

Bosi bado sijamweleza. Daftari naendelea nalo. Asanteni sana, hasa dada aliyeniambia kwamba akili zangu ni timamu. Usiku ule nililala.