Mrejesho: ile filamu ya wahamiaji, Makorora Tanga

Wakuu nimerudi, nilikuwa nauliza tufanyeje kuonyesha mtaani filamu ya Kiingereza kuhusu wahamiaji wasio na vibali kule Marekani wakati wengi huku lugha haipandi, mkasema tafuta DJ wa kutafsiri kama wa kibanda umiza. Tumempata na jamaa ni noma, yule mama wa kwenye filamu anayeosha vyombo hotelini akisikia king'ora cha polisi moyo unamruka, DJ anamsemesha Kitanga kabisa, watu hoi. Shuka la kuonyeshea tulifunga kwenye goli na mawe chini maana upepo wa pwani mnaujua.

Kwenye DACA ndo akakwama, ikabidi nidake maiki nieleze ni mpango wa 2012 enzi za Obama, waliofikishwa Marekani kabla ya kutimiza miaka 16 waliokidhi vigezo wakakubaliwa wanaahirishiwa kurudishwa kwao kwa miaka 2 na wanapata kibali cha kazi, ikiisha unaomba tena, na uraia hamna. Dogo mmoja akauliza kwa hiyo mtu ana watoto wake bado anaishi kwa miaka miwili miwili? Nikamwambia ndo hivyo.

Mjadala ulinoga kuliko filamu yenyewe. Bibi mmoja muuza mihogo akasimama: "Wanangu, na hawa vijana wa Kihabeshi wanaokamatwa huku kwetu wakienda Afrika Kusini, filamu yao mbona hamtuletei?" Kimya, hata DJ.

Sasa hiyo ndo tunaitafuta, mwenye nayo anicheki hata kama ni ya Kiamhari, DJ kasema tutajuana hukohuko 😂